Saa inasema 172: dhana potofu kuhusu kupima mapigo ya moyo mazoezini

Jumamosi asubuhi kwenye mlima wa Riat hapa Kisumu, kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa, ni nadra siku hizi kumwona mwendesha baiskeli asiye na saa yenye taa ya kijani mkononi. Kundi likisimama kunywa maji, kinachotajwa kwanza si muda wala kilomita, ni mapigo. "Nimegonga 190 leo, omera!" Hapo ndipo maneno yasiyo na msingi huanza, kwa sababu kilomita kumi ni kilomita kumi kwa kila mtu, lakini mapigo 190 ya fulani si mapigo 190 ya jirani yake. Kifaa chenyewe hakina hila. Polar ya Finland ilitoa kipima mapigo cha kuvaa kisichotumia waya mwaka 1982, na tangu hapo wanariadha wengi wamekitumia kwa faida. Tatizo ni tunavyokisoma.

Dhana: Toa umri wako kwenye 220, upate kikomo cha moyo wako

Hii ndiyo inayoharibu mazoezi ya watu wengi kuliko zote, maana saa nyingi huitumia kimyakimya unapojaza tarehe ya kuzaliwa. Kanuni hiyo ilienea kutokana na maandishi ya madaktari wa Marekani ya mwaka 1971, na haikutokana na utafiti uliofanywa mahsusi kuitafuta. Mwaka 2001 watafiti wengine walipitia tafiti zaidi ya 300 wakapendekeza 208 ukitoa umri mara 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili zinatoa kikomo cha mapigo 180 kwa dakika. Kwa mzee wa miaka 60 ya kwanza inatoa 160, ya pili 166.

Hata hiyo ya pili ni wastani tu. Watu wa umri mmoja hutofautiana sana, na kupishana na kanuni kwa mapigo kumi hadi kumi na mawili, juu au chini, ni jambo la kawaida kabisa. Chukua mama wa miaka 45 anayekimbia Milimani, Nakuru. Saa inampa kikomo cha 175. Ikiwa moyo wake kwa kweli hufika 190, mbio zake za polepole, zile za asilimia 60 hadi 70 ya kikomo, zinapaswa kuwa kati ya 114 na 133. Saa inamwambia 105 hadi 122, kwa hiyo kila akianza kukimbia kidogo inampigia kelele apunguze, mpaka anaishia kutembea na kuchukia mazoezi. Aliye na kikomo cha kweli cha 162 yuko pabaya zaidi: saa inamsukuma juu kuliko uwezo wake, naye anadhani ni mvivu.

Tena kuna saa na programu zinazotumia njia ya Karvonen ya mwaka 1957, ambayo huondoa kwanza mapigo ya mtu akiwa amepumzika. Mama yuleyule, kikomo 190 na mapigo 55 akiamka, anabaki na akiba ya 135. Asilimia 60 hadi 70 ya akiba hiyo, ukirudisha 55, ni 136 hadi karibu 150. Asilimia ni zilezile, namba ni tofauti kabisa. Ndiyo maana rafiki akikuambia "kimbia zoni ya pili", yaani mojawapo ya ngazi za bidii ambazo saa hugawa mapigo yako, muulize kwanza ni ya hesabu gani.

Kikomo chako unakitafuta barabarani. Pasha mwili moto kwa dakika 20, tafuta mlima, panda kwa nguvu dakika mbili au tatu, shuka taratibu, rudia mara mbili zaidi na ya mwisho ipande bila kubakiza kitu. Namba ya juu kabisa utakayoona iko karibu na kikomo chako. Makocha wengi hupendelea njia nyingine isiyokamua hivyo: kimbia peke yako dakika 30 kwa kasi kali unayoweza kuishikilia mpaka mwisho, kisha chukua wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho na upange zoni zako kutoka hapo. Mwenye presha, mwenye kisukari, aliyewahi kuumwa kifua au asiyefanya mazoezi kwa miaka asijaribu hata moja kati ya njia hizi mbili kabla ya kumwona daktari.

Dhana: Saa ya mkononi na mkanda wa kifuani ni kitu kimoja

Mkanda wa kifuani husoma umeme unaotoka moyoni wenyewe, kwa msingi uleule wa kipimo cha ECG cha hospitali. Saa humulika ngozi kwa taa ya kijani na kukisia mapigo kutokana na damu inavyojaa na kupungua kwenye mishipa midogo. Ukikaa kitini, tofauti ni ndogo. Ukianza kukimbia, mkono unarushwa, saa inateleza, jasho linaingia chini yake, na kitambuzi kinaanza kuchanganya mtikisiko na mapigo.

Kosa lake maarufu ni kusoma hatua badala ya moyo. Mkimbiaji hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika, na huko ndiko mapigo yanakoweza kufika mtu akijitahidi, kwa hiyo saa haioni ajabu. Utaona mtu anakimbia pole kutoka Dunga, anapiga gumzo bila kuhema, na saa inasema 172. Ukishuku, simama, weka vidole viwili shingoni papo hapo, hesabu sekunde 15, zidisha mara nne. Usichelewe, maana mapigo hushuka haraka ukisimama.

Baiskeli ina mambo yake. Kifundo cha mkono kimekunjwa kwenye usukani, umekaza vidole, na barabara ya murram inatikisa kila kitu. Anayetaka kukaza saa aivute juu ya mfupa wa kifundo, ibane bila kuzuia damu. Afadhali zaidi ni mkanda wa taa unaovaliwa mkono wa juu, au ule wa kifuani.

Kuna wanaosema taa ya kijani haisomi ngozi nyeusi. Ni kweli kwamba rangi ya ngozi hunyonya sehemu ya mwanga huo, na si vifaa vyote vinalimudu jambo hilo sawasawa. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipolinganisha saa kadhaa kwa watu wa rangi mbalimbali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, hawakupata tofauti kubwa ya usahihi kati ya rangi za ngozi. Kilichoharibu namba ni mwendo, pamoja na aina ya kifaa. Kabla ya kulaumu ngozi yako, angalia kama saa imelegea, na angalia pia ulinunua nini. Zile za bei ya kutupwa, zifunge kwenye ndizi uone: baadhi zitakupa mapigo ya ndizi bila aibu.

Mkanda nao una udhaifu wake. Ukiuvaa mkavu, dakika za kwanza utaona 210 wakati bado unafunga kamba za viatu. Lowesha zile sehemu mbili za ndani kwa maji, au kwa mate kama wafanyavyo wengi, na ukirudi usuuze chumvi ya jasho. Ukiacha chumvi igande, mkanda utakufa mapema, na wengi hukimbilia kubadilisha betri isiyo na kosa.

Dhana: Zoni za kukimbia zinafaa pia kwenye baiskeli

Hazifai, kwa watu wengi. Baiskeli imebeba uzito wako, na misuli inayofanya kazi ni michache kuliko unapokimbia, hivyo kikomo cha mapigo juu ya baiskeli mara nyingi huwa chini kwa mapigo matano hadi kumi. Ukijilazimisha kufikisha zoni za mbio ukipanda Riat, utakuwa umejichosha kuliko ulivyopanga. Kila mchezo upimiwe mlima wake.

Dhana: Mapigo yakipanda, umeongeza bidii

Hapa mahali tunapoishi pana la kusema. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu wa ziwa vikiwa vimekuzunguka. Nakuru iko kama 1,850, Iten karibu 2,400. Mkimbiaji wa Kisumu akienda Iten, siku za mwanzo mapigo yake yatakuwa juu kwa kasi ileile aliyoizoea, kwa sababu kila pumzi ina oksijeni pungufu. Kikomo chake hakijapanda; hata kinaweza kushuka kidogo. Akishikilia kasi yake ya nyumbani kwa kiburi, mbio za pole zinageuka mashindano.

Joto nalo hufanya kazi yake kimyakimya. Ukikimbia saa nzima jua likiwa limepanda, damu nyingi huenda kwenye ngozi kupoza mwili, maji yanapungua kwa jasho, na kila pigo husukuma damu kidogo kuliko mwanzo. Moyo hufidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Unaweza kuanza na 140 na kumaliza na 155 bila kubadilisha kasi hata kidogo. Anayetaka kubaki 140 apunguze mwendo. Kwenye mashindano ya masafa marefu, anayefuata namba ya kilomita ya kwanza mpaka mwisho atajikuta anajivuta bila sababu.

Kahawa, usingizi mbaya, mawazo ya karo na hofu ya mashindano, vyote hupandisha namba. Homa pia, takriban mapigo kumi kwa kila digrii moja ya joto la mwili. Ukanda wa ziwa tuna malaria. Ukiamka mapigo yako ya mapumziko yamezidi ya kawaida yako kwa kumi hivi na viungo vinauma, achana na viatu, nenda kapime.

Dhana: Ukitaka kupunguza mafuta mwilini, usivuke "zoni ya mafuta"

Ukienda polepole, sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta, hilo ni kweli. Lakini nishati yote inayotumika ni ndogo. Uzito unafuata jumla ya unachokula na unachotumia kwa wiki. Mazoezi ya pole yana faida kwa sababu unaweza kuyafanya kwa muda mrefu na kesho ukayarudia.

Dhana: Mapigo ya chini ni ugonjwa, ya juu ni udhaifu

Mtu mzima akipumzika huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Aliyezoea mazoezi ya muda mrefu anaweza kuwa na 50, hata 40 na kitu, na akawa mzima kabisa. Mapigo ya chini yakija na kizunguzungu au kuzimia, hayo ni ya daktari. Na wawili wakipanda mlima pamoja, mmoja 185 na mwingine 165, hakuna unachoweza kusema kuhusu nani ana nguvu, maana hujui vikomo vyao.

Wanaotumia dawa za presha za kundi la "beta blocker" wawe waangalifu zaidi. Dawa hizo huzuia mapigo kupanda, kwa hiyo zoni zote za saa hazina maana kwao. Wapime kwa kuongea: ukiweza kusema sentensi nzima, uko kwenye mwendo wa pole. Wala saa kukaa kimya si hati ya afya. Maumivu ya kifua ukiwa mazoezini yanatosha kukusimamisha, hata kama namba inapendeza.

Dhana: Mabingwa wa Iten hawatumii, kwa hiyo ni upuuzi wa matajiri

Wako wanaotumia na wako wasiotumia. Asiyetumia ana kocha, ana kundi, na ana miaka ya kuujua mwili wake. Tazama makundi ya Iten yanavyoanza mbio za pole: polepole kiasi kwamba mgeni anaweza kukaa nao kilomita ya kwanza. Karani wa Nakuru anayekimbia peke yake saa kumi na moja alfajiri hana hayo, na kosa lake la kawaida ni kukimbia kila siku kwa kasi ya wastani, si pole, si kali. Huyo ndiye kipima mapigo kinamfaa hasa, siku za pole.

Siku za vipindi vifupi vya kasi akiweke kando. Moyo huchelewa kujibu. Ukitimka sekunde 30, namba inaendelea kupanda wakati tayari umesimama unahema. Kwa hizo, saa ya kuhesabu sekunde inatosha.