Matandazo ya Pugu na maji ya Msimbazi

Ninapowaongoza wageni katika vijia vya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, hubeba chupa mbili za maji, moja ya kunywa na nyingine ya kumwaga. Tukifika pale kijia kinapoanza kuteremka bondeni, humwaga nusu ya chupa ya pili katikati ya njia, mahali ambapo udongo umeshindiliwa kwa miguu ya watu, na sote huyatazama maji yakitanda, yakitafuta mteremko, kisha yakianza kukimbia huku yamechukua mchanga mwembamba. Nusu iliyobaki huimwaga kando ya njia, juu ya majani makavu. Hayo hayaendi popote. Yanazama papo hapo, na ukiyafunua majani kwa kijiti unakuta udongo mweusi uliolowa, nyuzi nyeupe za kuvu na mizizi myembamba kama nywele.

Kazi yangu ni ikolojia ya misitu, na sijapata namna bora kuliko hiyo ya kueleza msitu huu unalifanyia nini jiji la Dar es Salaam. Msitu wenyewe si mkubwa, na nyumba zimeshaufikia. Kutoka Gongo la Mboto ni mwendo mfupi wa daladala za kuelekea Kisarawe. Lakini ni katika vilima hivi ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, ule ule unaopita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda. Wakati wa masika, tone la mvua linaloangukia msituni hupunguzwa nguvu kwanza na majani ya juu, kisha na vichaka vya chini, na hatimaye hupokelewa na matandazo, yaani tabaka la majani makavu lililofunika ardhi, ambayo huliruhusu kupenya polepole katika matundu yaliyochimbwa na mchwa, minyoo na mizizi iliyooza. Maji hayo hutokeza baadaye bondeni, yakiwa machache machache na safi. Tone linaloangukia udongo mtupu huufumua udongo huo, huziba matundu yake, na huteremka upesi pamoja na mchanga. Sisemi kwamba msitu peke yake ungeyazuia mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, kwa kuwa sehemu kubwa ya bonde la mto imekwisha kujengwa na kusakafiwa. Ninachosema ni kwamba kila kipande cha kilima kinachovuliwa matandazo yake huyaongezea kasi maji yanayoelekea kwa wenzetu wa mabondeni.

Ndiyo maana huwa mkali sana kuhusu njia za mkato. Kijia kilichopangwa vizuri hukata mteremko kwa upande, kikipinda huku na huku, ili maji yasipate mahali pa kukusanyika na kukimbia. Mtu akikatisha moja kwa moja kutoka pindo moja hadi jingine anaokoa hatua chache tu, wengine wanamfuata, na baada ya msimu mmoja wa mvua pale walipopita pamekuwa mfereji.

Matandazo hayo pia ni nyumba. Mwenye subira asubuhi anaweza kumwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, mwekundu wa hudhurungi mbele na mweusi nyuma, akifukua majani kutafuta wadudu. Usiku hulala ndani ya kiota alichokijenga kwa majani juu ya ardhi, na kiota hicho ukikitazama kwa haraka hukitofautishi na lundo lolote la majani, kwa hiyo anayetoka njiani anaweza kukikanyaga bila kujua. Yupo pia komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia unaofanana na brashi ya kuoshea chupa. Mchana hulala, usiku naye hushuka chini kuwinda katika majani hayo hayo.

Kwa anayetaka kwenda, apite kwanza ofisi ya hifadhi kwa ajili ya kibali na mwongozaji, avae suruali ndefu, na asishike mmea asioujua, maana upupu hupenda kingo za njia zinazopata jua. Njia ikikatwa na msafara wa siafu, subirini au ruka. Msiingie vichakani kuuzunguka.

Mwaka jana tuliifunga njia moja ya mkato kwa kulaza matawi makavu kukingama mteremko, kila baada ya hatua mbili, na kujaza majani katikati yake. Masika yalipokwisha nilirudi kuikagua. Matawi yalikuwa yamezuia mchanga kiasi cha kina cha kiganja, na juu ya mchanga huo ulikuwa umeota mche wa mkongo, bado umeshikilia ganda jeusi la mbegu yake. Nilitoa chupa yangu nikamwaga maji kidogo pembeni yake. Yalikimbia kama shubiri moja, kisha yakazama.