Je, wajua kwa nini shati lililoshonwa Athi River huwa mgeni likifika Nairobi?

Chukua shati moja. Kitambaa chake kimefumwa Asia, kikashushwa bandarini Mombasa, kikapakiwa kwenye lori hadi Athi River, kilomita 30 hivi kabla ya kufika katikati ya Nairobi. Hapo, ndani ya eneo ambalo wenyeji hulijua kwa jina la EPZ, yaani eneo la viwanda vinavyozalisha kwa ajili ya kuuza nje, kitambaa kimekatwa, kimeshonwa, kimetiwa vifungo na kupigwa pasi na mikono ya Wakenya. Sasa mwenye kiwanda anataka kuliuza shati hilo dukani Nairobi. Akifuata sheria, itabidi kwanza aombe kibali, kisha alitangaze kwa maofisa wa forodha kama bidhaa inayotoka nje ya nchi, alipe ushuru na kodi nyingine za uingizaji zinazotakiwa. Shati limezaliwa Kenya, lakini kwa macho ya sheria ndiyo kwanza linaingia Kenya.

Usidhani ni urasimu tu wa makarani. Sheria ya Kenya ya mwaka 1990 iliyoanzisha maeneo haya inasema wazi kuwa kwa mambo ya forodha, ardhi iliyo ndani ya uzio ihesabiwe iko nje ya nchi. Kinachotoka humo kwenda mitaani ni bidhaa iliyoagizwa. Kinachoingia humo kutoka mitaani ni bidhaa iliyouzwa nje. Kwa hiyo mkulima wa pamba ambaye pamba yake inaishia kwenye kiwanda cha humo ndani, kisheria amesafirisha mazao ng'ambo, ingawa lori halikupita mpaka wowote. Tanzania nayo ilifuata njia hiyo kwa sheria ya mwaka 2002, na mnamo 2006 ikaongeza sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi, yaani SEZ.

Kwa nini serikali ijitungie nchi ya kigeni ndani ya nchi yake? Sababu ni hesabu ya ushuru. Nchi nyingi zinazoendelea hutoza ushuru mkubwa kwa bidhaa za nje ili kulinda viwanda vyao na kujaza hazina. Ushuru huo ukitozwa kwenye kitambaa, shati linakuwa ghali kabla halijavaliwa na mtu, na haliwezi kushindana na la Bangladesh huko Marekani. Ungeweza kumtoza mwenye kiwanda ushuru, kisha umrudishie shati likishauzwa nje. Lakini yeyote aliyewahi kudai marejesho ya kodi serikalini anajua fedha hizo zinavyochelewa. Ikaonekana ni heri ushuru usitozwe kabisa, na ili usitozwe, kitambaa kihesabiwe hakijaingia nchini.

Wazo lenyewe si geni kwa watu wa pwani. Zanzibar ilitangazwa bandari huru mwaka 1892, na bustani ya Forodhani, ambako leo watu wanakula urojo na mishikaki, imechukua jina lake kutoka nyumba ya forodha ya enzi hizo. Kwa sura yake ya viwanda, mwanzo hutajwa kuwa ni Shannon, Ireland, mwaka 1959, pembeni ya uwanja wa ndege ambao ndege zilikuwa zimeanza kuuruka bila kutua.

Mpaka huo ukishachorwa, lazima ulindwe, na hapo ndipo kazi ya udhibiti inapoanza kuwa tamu kwa mtu anayependa kuhesabu. Watu hudhani mlinzi wa EPZ ni yule askari wa getini. Askari ni sehemu ndogo. Mlinzi hasa ni daftari. Kitambaa kikitoka Mombasa kinasafiri chini ya dhamana: mtu ameweka ahadi ya fedha kwamba kitafika, na kontena limetiwa lakiri. Kikifika, afisa wa forodha anaandika mita zilizoingia. Baada ya hapo kila mita inadaiwa maelezo.

Tuseme kiwanda kimepokea mita 15,000. Shati moja linakula mita moja na nusu, na mkataji mzuri hupoteza tuseme asilimia 10 kwenye mabaki. Mita 13,500 zilizobaki zinatakiwa kuzaa mashati 9,000. Karatasi za bandarini zikionyesha mashati 7,500 tu yamepelekwa nje, na ghalani hakuna kitu, basi kuna mashati 1,500 yaliyotembea. Huhitaji kuyakuta katika soko la Gikomba, Nairobi, ndipo ujue yametoka. Ndiyo maana hata vipande na mabaki havitupwi hivi hivi. Kuviteketeza au kuvitoa nje ya uzio kunahitaji kibali, kwa kuwa kampuni ikiruhusiwa kusema tu kwamba "kile kilikuwa takataka", daftari lote limekufa. Mvutano mkubwa kati ya kiwanda na forodha uko kwenye swali linaloonekana la kitoto: shati moja hula kitambaa kiasi gani? Anayepanga jibu la swali hilo ndiye anayepanga ni mashati mangapi yanaweza kupotea bila mtu kuuliza.

Hata kwa kibali na ushuru, kiwanda hakiruhusiwi kuuza ndani kadiri kipendavyo. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, iliyosainiwa mwaka 2004, imeweka kikomo cha asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka. Sababu yake inamhusu fundi wa nje ya uzio. Yeye amelipia ushuru uzi wake na cherehani yake, analipa kodi ya mapato, na leseni ya kaunti haimsubiri. Ukimwekea mshindani asiyelipa hayo yote barabara ya pili tu kutoka kwake, umemfunga duka kwa mkono wa serikali. Na kwa nchi jirani hali ni ile ile: shati la EPZ ya Athi River likivuka mpaka wa Namanga kwenda Arusha, Tanzania, halipati nafuu ya bidhaa za jumuiya. Linahesabiwa kama limetoka China, na nguo ziko kwenye daraja la ushuru la asilimia 35 lililoanzishwa katika jumuiya Julai 2022.

Hapa kuna kona ambayo wengi hawaioni. Kumwambia mtu "nitakusamehe kodi ukiuza nje" ni ruzuku ya mauzo ya nje, na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, WTO, zinaipiga marufuku. Nchi zenye maendeleo duni kabisa, kama Tanzania, zimeachiwa. Kenya haimo katika kundi hilo, ila imo katika orodha ya nchi chache zilizopewa nafasi hadi pato la kila mwananchi lifike dola 1,000 kwa thamani ya dola ya mwaka 1990 na kubaki hapo miaka mitatu mfululizo. India ilikuwa katika orodha hiyo hiyo. Ikakua, ikavuka mstari, na Marekani ikaishtaki. Oktoba 2019 jopo la WTO likaamua kwamba misamaha ya maeneo maalumu ya India, pamoja na mipango yake mingine kadhaa, imekuwa haramu. India ikakata rufaa, na rufaa hiyo ikaning'inia, kwa kuwa tangu Desemba mwaka huo chombo cha rufaa hakina majaji wa kutosha kusikiliza kesi. Ushindi wa Marekani ukabaki kwenye karatasi, hadi nchi hizo mbili zilipoimaliza kesi kwa makubaliano mwaka 2023.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini siku hizi unasikia SEZ kuliko EPZ. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 haimlazimishi mwekezaji wa SEZ kuuza nje. Anaweza kuuza ndani, akilipia ushuru kama wa bidhaa ya nje. Sharti la kuuza nje likiondoka, dosari ile ya ruzuku inaondoka pia. Kodi nayo imebadilishwa sura: kampuni ya EPZ husamehewa kodi ya mapato miaka 10, kisha hutozwa asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata, ya SEZ hutozwa asilimia 10, halafu 15.

Na kodi ya mapato ndipo uzio unapokuwa kichekesho. Daftari la kitambaa linaweza kukamata shati lililotoroka, lakini faida haipiti getini. Kampuni yenye tawi ndani ya EPZ linalosamehewa na tawi jingine nje linalolipa kodi inaweza kuliuzia la nje huduma kwa bei ya juu, ili faida yote ionekane imepatikana kule kwenye msamaha. Hakuna lori, hakuna lakiri, ni ankara tu. Lawama nyingine ni ya zamani: msamaha wa miaka 10 unakaribia kwisha, kiwanda kinafungwa, na mashine zile zile zinafunguliwa chini ya jina jipya linaloomba miaka 10 mipya. Kulinda mlango wa namna hiyo kunahitaji mhasibu anayejua nani anamiliki nini. Nchi zetu zimeajiri wahasibu wa aina hiyo wachache mno kuliko askari, kwa maoni yangu.

Ajabu zaidi, msamaha wenyewe unaweza kuishia mfukoni mwa nchi nyingine. Makubaliano ya kimataifa ya Oktoba 2021 kuhusu kodi yanataka makampuni makubwa ya kimataifa, yenye mapato ya euro milioni 750 kwa mwaka kwenda juu, yalipe angalau asilimia 15 popote yalipo. Tawi la Afrika likitozwa sifuri, nchi ya kampuni mama inaweza kudai kilichopungua. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizokataa kusaini mwaka ule, pamoja na Nigeria, Pakistan na Sri Lanka. Desemba 2024 ikatunga sheria ya kutoza yenyewe tofauti hiyo. Viwanda vingi vya nguo havifiki ukubwa huo, lakini kwa wale wanaofika, kusema "njoo, hapa hulipi kodi" kumepoteza utamu wake.

Upande wa watu, mpaka ule wa kubuni haupo. Kila asubuhi maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, huingia katika "nchi ya nje" bila pasipoti, na jioni hurudi. Kampuni yao inaweza kuwa katika miaka yake ya msamaha. Wao kodi ya mshahara hukatwa kama mfanyakazi mwingine yeyote wa Kenya. Kitambaa kiko ng'ambo, mwajiri yuko ng'ambo kwa miaka 10, fundi yuko nyumbani. Baadhi ya nchi zilijaribu kuwavusha na watu pia. Pakistan iliyaondoa maeneo yake katika sheria za kazi za nchi, na Bangladesh iliwanyima wafanyakazi wa EPZ vyama vya kawaida vya wafanyakazi, ikawapa vyombo vya aina yake chini ya sheria yao pekee. Kenya ilionja matokeo ya kulegeza macho Januari 2003, wiki chache baada ya serikali mpya kuingia madarakani, pale migomo ilipolipuka katika viwanda vya EPZ juu ya mishahara na mazingira ya kazi. Daftari la forodha lilikuwa linajua mita ngapi zimeingia, ila halikuwa na safu ya saa ambazo mtu amekaa kwenye cherehani.

Basi nani alipaswa kuona? Hapo kuna ugumu wa kimaumbile. Mamlaka ya EPZ ya Kenya ndiyo inayowatafuta wawekezaji, ndiyo inayowapa leseni, na pale Athi River ndiyo pia mwenye ardhi wanaoilipia kodi ya pango. Mwenye nyumba anayetafuta wapangaji ni mgumu kumfukuza mpangaji. Tanzania mwaka 2025 iliunganisha mamlaka yake ya EPZ na Kituo cha Uwekezaji, ikapatikana TISEZA, ili mwekezaji ahudumiwe mahali pamoja. Kwa mwekezaji ni nafuu ya kweli, maana kuzunguka ofisi kumi kunachosha. Lakini kadiri dirisha linavyokuwa moja, ndivyo anayekaa nyuma yake anavyobeba kofia nyingi, na kofia ya kumhudumia mteja huvaliwa kwa raha kuliko ya kumkagua. Mimi ningependa forodha, wakaguzi wa kazi na wa mazingira wakae humo humo kwenye jengo moja, ila mishahara na amri zao zitoke kwingine.

Uzio nao hauishi milele. Shenzhen, iliyofanywa eneo maalumu mwaka 1980, ilizungushiwa uzio wa zaidi ya kilomita 80 kuitenga na China iliyobaki, na Mchina wa mkoa mwingine alihitaji kibali kuuvuka. Ulifutwa rasmi Januari 2018, wakati jiji lilikuwa limekwisha kuumeza na vituo vyake vya ukaguzi vimebaki kusababisha foleni za magari. Mauritius haikujisumbua hata kujenga. Sheria yake ya mwaka 1970 ilimpa mwenye kiwanda cheti badala ya kiwanja, kwa hiyo EPZ ilikuwa popote kilipokuwa kiwanda chenye cheti, hata kijijini katikati ya mashamba ya miwa. Mwaka 2007 kisiwa kikaweka kodi moja ya asilimia 15 kwa makampuni, ya ndani ya mpango na ya nje, na shati la Mauritius likaacha kuwa mgeni kwao.