Je, wajua kwa nini kivinjari (browser, programu ya kufungulia kurasa za mtandaoni) cha zamani huzidi kuwa hatari ilhali hakijabadilika hata herufi?

Kwa miaka mingi niliamini kivinjari huchakaa kama kitasa: siku zikipita kinalegea, mpaka mwizi apite. Sivyo. Programu hailiwi na kutu. Kivinjari kilichokaa miaka mitatu bila kusasishwa ni kile kile, na kasoro zinazokihatarisha zilikuwemo tangu siku kilipotoka. Kilichoongezeka ni idadi ya wanaozijua. Tena, na hapa ndipo nilipokosea zaidi, mara nyingi sasisho lenyewe ndilo linalozianika: mdukuzi hulinganisha toleo jipya na la zamani, akaona palipozibwa, basi ameshajua tundu lilipo kwa kila ambaye hajasasisha.

Tundu hilo mara nyingi liko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani jinsi kivinjari kinavyoitumia. Mfikirie karani mwenye kikaratasi: "Nenda shubaka la 12, fanya yaliyoandikwa humo." Shubaka linasafishwa na kupewa mtu mwingine, ila karani hajanyang'anywa kikaratasi. Mwenye shubaka mpya anaweka maagizo yake. Karani anarudi, anasoma, anatii. Kwake 12 ni 12. Ndani ya kivinjari, shubaka ni kipande cha kumbukumbu kilichoachwa wazi, tuseme baada ya kitufe kuondolewa kwenye ukurasa. Na mwenye shubaka mpya ni msimbo wa JavaScript (lugha ya maagizo yanayoendeshwa ndani ya kurasa za mtandaoni) wa ukurasa huo huo, unaoweza kujaza mashubaka kwa maelfu ili usilikose la 12. Hujapakua faili lolote. Umefungua ukurasa tu.

Januari 2010 Google ilitangaza kuwa imedukuliwa. Kasoro iliyotumika ilikuwa hii hii ya karani, ndani ya Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, na walengwa hasa walikuwa watumiaji wa toleo la 6, lililotoka 2001. Miaka kumi baadaye wahandisi wa Chrome, kivinjari cha Google, walipiga hesabu ya kasoro zao nzito za usalama: takriban asilimia 70 zilikuwa za kumbukumbu, na nusu ya hizo, karani yule yule.

Si kila kasoro ya namna hii humfikisha mdukuzi mbali. Nyingi hukiangusha kivinjari tu. Vivinjari vya sasa pia humfungia karani chumbani, hivyo akishadanganywa bado inahitajika kasoro ya pili ya kumtoa nje. Kwenye kivinjari kilichotelekezwa, hiyo ya pili nayo huenda imeshaanikwa.