Kisima Dar: usiulize mita ngapi tu, uliza tabaka gani

Tangu ukame wa 1997 ulipoupunguza Mto Ruvu na visima vikachimbwa kwa wingi jijini, watu wengi wa Dar es Salaam huhesabu kisima kuwa sehemu ya ujenzi wa nyumba. Mgao wa maji wa Oktoba 2022 uliwaongezea hamu. Tatizo ni kwamba mtambo wa kuchimba ukishaingia uwanjani, kila anayepita ana ushauri, na mwingi una makosa yanayomtoa mtu fedha na kumharibia maji yeye na mtaa wake.

"Chini kuna mto, kazi ni kuupata tu."

Chini ya Dar hakuna mto wa kutafutwa. Jiji limekaa juu ya mashapo: mchanga, udongo wa mfinyanzi, changarawe na, ukanda wa pwani, mawe ya matumbawe kama yale ya kilima cha Wazo. Maji yamejaa katika vinafasi vilivyo kati ya chembe za mchanga na yanasogea taratibu mno. Kwa mpangilio wa jumla, juu kuna mchanga wenye maji, chini yake mfinyanzi, halafu mchanga mwingine wenye maji, kisha mashapo ya kale zaidi. Lakini mfinyanzi huo ni mnene mahali pamoja na mwembamba au haupo kabisa mahali pengine. Ndiyo maana jirani anaweza kupata maji mita 25, na wewe ukafika kina hichohicho ukakuta udongo mzito.

Matumbawe ndiyo yanayokaribia kidogo wazo la mto, kwa sababu maji huyayeyusha na kuacha matundu na mapango. Humo maji hupita haraka, na uchafu na chumvi hupita haraka vilevile.

"Subiri fundi afike kwenye jiwe, hapo ndipo maji yalipo."

Ndugu zetu waliotoka Dodoma, Singida au Mwanza husema hivi, na kwao wako sahihi. Kule maji hukaa katika nyufa za mwamba wa graniti na katika sehemu yake ya juu iliyooza ikawa kokoto. Graniti nzima isiyo na ufa ina nafasi ya maji isiyofika asilimia 1 ya ujazo wake, kwa hiyo mpimaji anatafuta ufa. Akija Mbagala atafute mchanga.

"Udongo ukitoka umelowa, tumepata maji."

Hapa wengi wanapotea, tena wakati ushahidi uko miguuni pao. Fundi makini hupanga vifungu vya udongo unaotoka shimoni, kimoja kila baada ya mita chache. Chukua kidogo, usugue kati ya vidole. Mfinyanzi unateleza, unafinyangika na kung'ang'ania ngozi. Mchanga unakwaruza, na ukifungua kiganja unamwagika. Mfinyanzi uliolowa unaweza kuwa na maji karibu nusu ya ujazo wake, wakati mchanga una kama asilimia 30. Hata hivyo mfinyanzi hautoi, kwa sababu vinafasi vyake ni vidogo mno na maji yamenasa humo. Maji yanayopita mita kadhaa kwa siku katika mchanga safi wa chembe kubwa, katika mfinyanzi hayapiti hata milimita moja, msukumo ukiwa uleule.

Kwa hiyo bomba lenye matundu liwekwe usawa wa mchanga. Likiwekwa usawa wa mfinyanzi, pampu itavuta dakika chache kisha hewa. Wala mfinyanzi si wa kulaumiwa, kwani ndio unaozuia maji machafu ya juu yasishuke kwenye mchanga wa chini. Ukiutoboa bila kuziba kwa saruji nafasi kati ya kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) na ukuta wa shimo, umeyapa maji ya chooni njia ya moja kwa moja.

"Maji ya kisima ni ya bahari, mchanga umeyachuja."

Mchanga hauchuji chumvi, maana chumvi imeshayeyuka ndani ya maji. Maji ya visima vyetu asili yake ni mvua. Dar hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka, zaidi masika na vuli, na ni sehemu ndogo tu inayozama hadi kwenye tabaka la maji. Kila uwanja unaomwagwa zege unapunguza sehemu hiyo.

"Yakiwa ya chumvi, chimba zaidi utakuta maji baridi."

Dhana hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu mara nyingi inaharakisha madhara. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yake hata ndani ya mchanga. Karibu na ufuko, kwa hesabu ya kawaida, maji baridi yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yanashuka kama mita 40 kabla ya kukutana na ya chumvi. Sasa mtaa mzima uvute kwa pampu hadi yashuke nusu mita: mpaka kati yake na maji ya bahari unaweza kupanda kama mita 20. Anayeongeza kina hapo anayafuata maji ya chumvi. Na hayahitaji kuwa mengi. Maji ya bahari yakichangia asilimia 2 tu, ulimi unaanza kuhisi. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na chumvi inabaki.

Bahari si mkosaji pekee. Tabaka za mfinyanzi zilizotuama baharini zamani zinaweza kuachia chumvi yake hata mbali na ufuko. Kwa upande mwingine, Kimbiji na Mpera, kusini mwa jiji, visima vya mita mia kadhaa vimekuta maji baridi katika mchanga wa kale sana. Kilichoamua huko ni tabaka na namna lilivyofunikwa. Kina peke yake hakiahidi chochote.

"Choo kiko mbali kidogo, mchanga utasafisha."

Mchanga hupunguza vijidudu maji yakipita polepole na umbali ukitosha. Naitreti, kemikali ya chooni inayoyeyuka ndani ya maji, haizuiwi na mchanga wala haiondoki kwa kuchemsha, na kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo ni hatari. Peleka maji maabara kabla ya kuyanywa.

"Kisima changu, maji yangu."

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayatambua maji kuwa mali ya umma, na Dar iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Tabaka la mchanga halijui ukuta wa kiwanja. Unapomlipa fundi, mdai orodha ya tabaka alizopita mita kwa mita, mahali alipoweka bomba lenye matundu, na kina cha maji kabla ya pampu kuwashwa. Kisha pima chumvi masika na kiangazi, uandike. Ikipanda mwaka hadi mwaka, punguzeni kuvuta, wewe na majirani.