Msaka Bigfoot ni mtu wa namna gani?

Msaka Bigfoot ni mtu aliyetoa maisha yake kwa kazi moja: kumtafuta kiumbe mkubwa mwenye manyoya mwili mzima, anayetembea wima kwa miguu miwili, ambaye watu wengi wanadai kumwona katika misitu ya magharibi mwa Marekani na Kanada. Urefu wake husimuliwa kuwa mita mbili hadi tatu. Mwili wake haujawahi kupatikana, wala mfupa, wala jino. Anayependa kusikiliza habari zake jioni si msaka, wala mtalii anayenunua fulana yenye picha yake. Msaka ni yule anayekesha msituni usiku baada ya usiku, anayewahoji mashahidi mmoja mmoja, na ambaye nyumba yake imejaa plasta za nyayo, yaani nakala zinazopatikana kwa kumimina plasta kwenye alama za miguu.

Wengi huwacheka watu hawa. Mimi naona wanastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu kazi yao imebeba swali zito: ushahidi ni kitu gani hasa, na mtu asubiri kwa muda gani kabla ya kukubali kwamba haupo?

Simulizi za kiumbe wa namna hii ni za kale kuliko wasakaji wenyewe. Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, watu wa Sts'ailes, wenyeji wa bonde la mto Harrison, wanaye sasq'ets. Mwalimu mmoja aliyeitwa J. W. Burns ndiye aliyelieneza jina hilo kwa Wazungu katika miaka ya 1920, likawa Sasquatch. Kwa watu wa Sts'ailes huyu si mnyama aliyejificha akisubiri kugunduliwa. Ni mlinzi wa ardhi yao, na sura yake wameiweka kwenye nembo yao. Msaka Bigfoot alizaliwa pale watu wa nje walipoichukua simulizi na kuifanya swali la elimu ya wanyama.

Kuzaliwa huko kuna mwaka wake, 1958. Dereva wa buldoza, Jerry Crew, alikuwa akichonga barabara ya wakata magogo huko Bluff Creek, kaskazini mwa California, akakuta nyayo kubwa za mtu peku zikiizunguka mashine yake. Zilikuwa na urefu wa inchi 16, yaani kama sentimita 40. Alimimina plasta, akaipeleka kwa gazeti la Humboldt Times, na picha yake akiwa ameishika ikasambaa nchi nzima pamoja na jina Bigfoot, yaani mguu mkubwa. Mkandarasi wa barabara ile, Ray Wallace, alifariki mwaka 2002, na familia yake ikaonyesha nyayo za mbao ambazo walisema alizitumia kufanya mzaha. Wasakaji wengi hawakuyumba. Walisema mbao zile hazilingani na nyayo zote zilizopatikana, na kwamba mzaha wa mtu mmoja haufuti habari zilizotoka maeneo mengine.

Miaka tisa baadaye, tarehe 20 Oktoba 1967, Bluff Creek hiyohiyo ikatoa kitu kikubwa zaidi. Roger Patterson na Bob Gimlin walikuwa wamepanda farasi, na Patterson amebeba kamera ya filamu ya milimita 16. Wakarudi na picha za chini ya dakika moja zinazoonyesha umbo jeusi lenye manyoya likivuka kingo za kijito kwa hatua ndefu, likigeuza kichwa kuwatazama. Patterson alikufa kwa saratani mwaka 1972, akiwa bado anashikilia kwamba alichokipiga ni kiumbe hai. Gimlin naye hajawahi kugeuza kauli. Mtu mwingine, Bob Heironimus, alijitokeza akasema ni yeye aliyekuwa ndani ya vazi la manyoya. Sekunde zile chache zimechambuliwa picha kwa picha kwa zaidi ya nusu karne: urefu wa mkono, mkunjo wa goti, mtikisiko wa paja. Ukitaka kujua kama aliye mbele yako ni msaka wa kweli, muulize habari za filamu hiyo kisha uandae muda wa kumsikiliza.

Wanne wanahesabika kuwa ndio wazee wa kazi hii, nao ni René Dahinden, John Green, Peter Byrne na Grover Krantz.

Dahinden alizaliwa Uswisi mwaka 1930, akahamia Kanada mwaka 1953 na kupata kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Siku moja alikuwa akizungumzia msafara wa kumtafuta Yeti, kiumbe wa namna hiyo anayesimuliwa kule Himalaya, na mwajiri wake akamwambia kwamba kiumbe kama huyo yupo hata British Columbia. Hapo maisha yake yakageuka. Aliingia porini mwaka baada ya mwaka, ndoa yake ikavunjika, akaishi kwenye nyumba ya magurudumu katika eneo la klabu ya walenga shabaha karibu na Vancouver, akijipatia riziki kwa kuokota vipande vya risasi zilizokwisha kufyatuliwa na kuviuza. Mwaka 1971 aliibeba filamu ya Patterson hadi Ulaya na Moscow ili wanasayansi waitazame. Alikuwa mkali kwa matapeli kuliko hata wapinzani wake wa chuo kikuu, na sifa hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu: hakutaka ushahidi wowote tu, alitaka wa kweli.

Green alikuwa mwandishi wa habari na mwenye gazeti dogo la huko huko bonde la Harrison. Aliipokea habari hii kama mwandishi: akasikiliza, akaandika, akapanga majalada. Alikusanya taarifa za mashahidi kwa maelfu. Byrne, mzaliwa wa Ireland, alikuwa mwindaji wa kulipwa nchini Nepal, akamsaka Yeti kwa fedha za Tom Slick, tajiri wa mafuta wa Texas. Slick huyohuyo ndiye aliyemleta Marekani kumsaka Bigfoot mwaka 1960. Mwaka 1976 Byrne aliiandikia FBI akiomba wapime nywele zenye ngozi kidogo ambazo kituo chake cha habari za Bigfoot kilishindwa kuzitambua. FBI walizipima. Zilikuwa za mnyama wa jamii ya paa, na jalada lenyewe likawekwa wazi kwa umma mwaka 2019.

Krantz ndiye aliyelipa gharama ya aina yake, kwa kuwa alikuwa profesa wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Kilichomvuta ni nyayo zilizoonekana karibu na Bossburg, katika jimbo la Washington, mwaka 1969, ambazo mguu mmoja ulikuwa na kilema. Alipokisia mifupa iliyomo ndani ya unyayo ule alijiridhisha kwamba tapeli asingeweza kuyajua maumbile ya mguu kwa kiwango hicho. Tangu hapo alitetea hadharani kwamba Bigfoot ni mzao wa Gigantopithecus, sokwe mkubwa wa kale wa Asia ambaye tunamjua kwa meno na mataya machache tu. Wenzake walimkwepa, na kupanda kwake cheo kukachelewa. Alipofariki mwaka 2002 aliacha mwili wake kwa Taasisi ya Smithsonian, kwa sharti kwamba mifupa ya mbwa wake wapendwa iwe naye. Mwaka 2009 mifupa yake ilisimamishwa katika makumbusho mjini Washington, mbwa wake Clyde amemrukia kifuani. Mtu aliyetumia miaka mingi akidai mifupa ya Bigfoot, akaitoa yake mwenyewe kwa sayansi bila kusita.

Dahinden alifariki mwaka 2001, Green mwaka 2016, Byrne mwaka 2023. Hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyewahi kumwona Bigfoot.

Kazi yenyewe hufanyikaje? Sehemu kubwa ni mahojiano. Shirika la watafiti wa Bigfoot, BFRO, lililoanzishwa na Matt Moneymaker mwaka 1995, hupanga taarifa kwa madaraja: A ni kuonekana wazi, B ni sauti au kuonekana kwa mbali au gizani, C ni habari ya kusikia kwa mwingine. Porini, wasakaji hufunga kwenye miti kamera mtego, zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, hutumia kamera zinazoona joto la mwili usiku, hupiga mti kwa gongo kisha hutulia wakisubiri mlio wa kujibu, na hupiga ukelele mrefu unaoigiza sauti zinazodaiwa kuwa zake. Nyayo humiminiwa plasta. Jeff Meldrum, profesa wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho, alikusanya plasta za namna hiyo kwa mamia. Siku hizi kuna pia sampuli za udongo na maji, ili kutafuta vinasaba ambavyo kila mnyama huviacha anapopita.

Mgogoro wao mkubwa ni kuhusu bunduki. Krantz alisema waziwazi kwamba sayansi haitakubali kitu pungufu ya mwili, kwa hiyo mmoja apigwe risasi, wengine wote wapate kulindwa. Byrne alilipinga jambo hilo, na wasakaji wengi wa leo wako upande wake. Kaunti ya Skamania katika jimbo la Washington iliwatangulia wote: mwaka 1969 ilipitisha sheria ndogo ya kumwadhibu atakayemuua, faini hadi dola 10,000 na kifungo hadi miaka mitano.

Na vipimo vimesema nini? Mwaka 2014 Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha matokeo ya nywele alizoomba kutoka kwa wasakaji na makumbusho ya nchi mbalimbali. Sampuli 30 zilitoa vinasaba vya kusomeka. Zikawa za dubu, farasi, ng'ombe, mbwa au mbwamwitu, paa, nungunungu, hata binadamu. Utafiti mwingine wa mwaka 2024 ulilinganisha taarifa za kumwona Bigfoot na idadi ya dubu weusi kwa kila jimbo, ukakuta kwamba penye dubu wengi ndipo penye taarifa nyingi, hata baada ya kuzingatia wingi wa watu na ukubwa wa misitu. Dubu mweusi huweza kusimama kwa miguu miwili, na gizani, kwa mtu aliyeshtuka, huonekana mrefu sana.

Wasakaji hujibu kwa kutaja Afrika. Huuliza: si walisema okapi hayupo? Kweli, wakazi wa msitu wa Ituri, Kongo, walimjua okapi tangu zamani, na wataalamu wa Ulaya walimkubali mwaka 1901 tu, baada ya Harry Johnston kupeleka London ngozi na mafuvu. Lakini upo mfano wa karibu zaidi, ambao kwetu Afrika Mashariki unapaswa kujulikana kuliko huo. Mwanzoni mwa 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima aitwaye kipunji. Hawakujua kama ni mnyama au ni wa kwenye simulizi, maana habari za Wanyakyusa huwataja wanyama wa kweli na wa kwenye simulizi pia. Kufikia Desemba ya mwaka huohuo walikuwa wamemwona vizuri. Mwaka 2004 timu nyingine, bila kujua habari za Rungwe, ikamkuta Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa kutumia picha, na wataalamu wengine wakalalamika kwamba picha hazitoshi. Kisha kipunji mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima, vinasaba vyake vikapimwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Mimi nauchukulia mfano huu kuwa kipimo cha haki kuliko kejeli. Unawapa wasakaji heshima yao: neno la mwindaji wa kijijini linaweza kuwa sahihi na kitabu cha chuo kikawa na pengo. Ila unaonyesha pia mambo yanavyokwenda pale mnyama anapokuwepo kweli. Kipunji ni wachache, wanaishi kwenye misitu ya milimani yenye ukungu, na bado safari ya kutoka uvumi hadi mwili ilichukua chini ya miaka mitatu. Kila hatua iliyofuata ilikuwa na nguvu kuliko iliyotangulia. Kwa Bigfoot, filamu ya mwaka 1967 ndiyo ingali ushahidi bora, ingawa sasa kila mtembea msitu ana kamera mfukoni. Tena mnyama hawezi kuwa mmoja tu. Lazima kuwe na mamia wanaozaliwa, kuugua na kufa, baadhi yao wakigongwa na malori kama dubu wanavyogongwa.

Wasakaji wanaijua hoja hii, na wanaijibu kwa njia mbili zinazowagawa. Wapo wanaosema misitu ni mikubwa, Bigfoot ni wachache na werevu, na mizoga huliwa haraka. Hawa bado wako njia ya Green na Krantz, walioshikilia hadi mwisho kwamba wanamtafuta mnyama wa damu na nyama. Wapo wengine wanaosema kiumbe huyu hupotea apendapo, husoma mawazo ya watu, au hutoka ulimwengu mwingine. Kwa kauli hiyo hakuna kamera wala kipimo cha vinasaba kitakachoweza kuwakosoa, na kwa maoni yangu hapo ndipo jina la msaka linapowatoka. Anayesaka amekubali kwamba anaweza kurudi mikono mitupu, na kwamba kurudi hivyo kuna maana yake.