Uzembe changizi: kukosa helmeti hakufuti kesi yako

"Wacha tu, mama, si hata wewe hukuwa na helmeti?" Maneno haya utayasikia sana pale kwenye steji ya boda ya Kondele, mjini Kisumu, mtu aliyeumia akiwa amebebwa na boda anapotaja kwenda kumwona wakili. Anayeyasema huwa hana nia mbaya. Anaamini kwamba ukiwa na kosa lako, hata liwe dogo namna gani, huna tena la kudai. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Inachotambua ni uzembe changizi, yaani ile sehemu ya lawama inayomwangukia majeruhi mwenyewe kwa sababu naye hakujihadhari ipasavyo.

Zamani mambo yalikuwa kama anavyoamini yule bwana wa steji. Mwaka 1809 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mtu aliyeweka mti kukingama barabarani alipokuwa akikarabati nyumba yake. Mwingine akaja juu ya farasi, mbio, giza likianza kuingia, akaparamia ule mti na kuumia vibaya. Akanyimwa kila kitu: angekwenda polepole, angeuona. (Weka pikipiki badala ya farasi na lundo la kokoto badala ya mti, uko Nyamasaria, kule kule Kisumu.) Waingereza waliachana na ukali huo mwaka 1945. Kwetu, kifungu cha 4 cha Sura ya 26 ya sheria za Kenya kinasema lawama igawanywe, na fidia ipungue kwa kadiri ya fungu lako.

Tuseme matatu imeovateki vibaya karibu na Ahero, ikamgonga abiria wa boda. Hakimu anaona maumivu na hasara yake vinastahili shilingi 800,000, ila abiria naye abebe asilimia 20 ya lawama. Zinakatwa 160,000, anaondoka na 640,000. Basi.

Watu wengi hukwama kwenye helmeti. Ni kweli Sheria ya Trafiki inamtaka abiria avae, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Lakini kuvunja sheria ni jambo moja, na kuchangia jeraha ni jingine. Kama aliyevunjika ni mguu, helmeti ingeusaidia vipi? Kichwa kikiumia, hapo swali lina uzito. Mwaka 1975, katika kesi ya mtu ambaye hakufunga mshipi wa gari, majaji wa Uingereza waliweka kipimo ambacho mawakili hukitaja hadi leo: mshipi ungezuia jeraha kabisa, kata asilimia 25, ungelipunguza sana, kata 15, usingebadilisha chochote, usikate hata senti.

Tena, si kazi yako kujitetea kwanza. Anayedai ulichangia ndiye anayepaswa kulisema jambo hilo katika majibu yake ya kesi na kulithibitisha kwa ushahidi. Ndiyo maana mimi humtilia shaka mtu wa bima anayekuja wodini na fomu, akisema "tugawane nusu kwa nusu, mama, tumalize." Nusu hiyo ameipimia wapi? Na mtoto mdogo aliyegongwa akivuka barabara, mahakama huwa nzito sana kumtwika lawama.

Makato hugusa pia gharama za matibabu, na hizo huhesabiwa kwa risiti. Usipoonyesha karatasi ya dawa, ya eksrei na ya ambulansi, ni kana kwamba hukulipa. Ziweke pamoja na abstrakti ya polisi, yaani ile karatasi ya polisi kuhusu ajali, yenye namba ya gari na ya bima.

Muda wa kufungua kesi ya kuumizwa ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu, na miezi hiyo inaweza kwisha vyuma vikiwa bado mguuni.