Hai sizoni ndo inayoua mgahawa, sio lo sizoni

Wengi wanaamini mgahawa au hoteli inakufa lo sizoni, wateja wakishapotea. Kwa ninavyoona, mara nyingi ugonjwa unaanza hai sizoni, pale watu wamejaa mpaka wengine wanasubiri meza, hela inaingia kila saa na mwenye biashara anaihesabu yote kuwa faida. Jamani sio faida hiyo! Humo ndani kuna kodi uliyomtoza mteja, ni ya serikali, kuna deni la sapulaya, kuna advansi za watu waliobuki na hujawahudumia bado, halafu kuna pango la ile miezi viti vitakapokaa tupu. Toa hivyo vyote kwanza ndo uanze kuwaza viti vipya.

Wengine wanasema bora nifunge mpaka wateja warudi. Piga hesabu kabla hujafunga. Tuseme siku mbovu unauza 100, malighafi zimekula 35, vibarua, gesi na umeme 45, imebaki 20. Haitoshi pango, kweli, ila ukifunga pango liko palepale na hiyo 20 umeikosa. Kama mauzo hayalipi hata gharama za kufungua mlango siku hiyo, hapo sawa, funga, na si lazima mwezi mzima, kuna wanaofunga siku mbili za katikati ya wiki tu, wengine wanafupisha menyu ili vitu visiozee kwenye friji.

Halafu diskaunti, hii inaniuma sana maana watu wanaikimbilia bila kalamu. Tuseme sahani moja unauza kwa 100, malighafi 30, unabaki na 70. Ukishusha bei kwa asilimia 20 unabaki na 50, yaani wale wateja 50 uliokuwa nao lazima wawe 70 ndo ufike palepale ulipokuwa, na jiko limeshachoka zaidi. Kwenye vyumba ni tofauti kidogo, chumba kikilala tupu leo usiku huo hauuziki tena, na kumlaza mgeni mmoja zaidi gharama yake ni ndogo tu, usafi, maji na kufua mashuka, kwa hiyo ofa huko inaweza kuleta maana.

Kuhusu kupunguza wafanyakazi wote ukitegemea utawaita tena: mpishi mzuri hakusubiri. Wape likizo zao lo sizoni, fundisheni wapya, rekebisheni jiko.

Na usilinganishe Machi na Machi ukadhani umeshajua biashara imepanda au imeshuka. Pasaka 2024 ilikuwa Machi 31, 2025 ikawa Aprili 20, na Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka. Linganisha sikukuu na sikukuu, wikiendi na wikiendi, ndo umuite meneja umuulize mauzo yamekwenda wapi.